Siku Tano, na Nyumba ya Barabara ya Kumi na Nne

Siku ya kwanza: Portland hadi Brooklyn

Basi la saa kumi na mbili alfajiri liliondoka Portland saa moja kasoro robo. Dereva alisema tu kuna mtu anasubiriwa. Huyo mtu hatukumwona. Baridi ya Maine mwezi wa Machi haina haya, inaingia kwenye soksi kabla hujamaliza kutoa salamu, kwa hiyo nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni chini ya koti kama mama alivyonifundisha, na juu ya kanga sweta mbili. Mzigo wangu ulikuwa begi moja, daftari, na chupa ya chai ya tangawizi iliyokwisha kabla ya Boston.

Kazi yangu ni ukalimani. Jumatatu hadi Ijumaa nakaa katikati ya watu wawili wasioelewana, daktari upande huu, mama wa Uvira, Kongo, upande ule, nami ndiye mdomo wa wote wawili. Januari hospitali moja ilinipa fomu niifasiri. Ukurasa wa tatu unamuuliza mgonjwa yeye ni mtu wa namna gani katika mapenzi, kisha kuna visanduku vya kutia alama. Cha kwanza nilikipita haraka. Cha pili kilinikwamisha siku mbili.

Neno ninalo. Kila mtu wa pwani analo: msagaji. Lakini hilo ni neno la kurushiana kwenye mipasho, neno la kusemwa mtu akishapita, si la kumwekea mgonjwa mbele yake pamoja na kalamu. Shoga nalo limehama nyumba. Kwa bibi yangu, shoga alikuwa mwanamke rafiki wa mwanamke, basi. "Shoga yangu kaja" ilimaanisha weka chai. Leo litamke mbele ya vijana wa Dar uone watakavyochekana, maana limeshahamia kwa wanaume na limehamia na matusi yake. Nikaandika "mwanamke anayependa wanawake wenzake". Fomu ikarudishwa: maneno manne hayaenei kwenye kisanduku cha neno moja.

Usiku ule, nikiwa natafuta wanawake wa kwingine walijiitaje, nikaangukia habari za nyumba moja ya Brooklyn, Lesbian Herstory Archives. Nyumba kweli, yenye ngazi na jiko, iliyonunuliwa kwa michango na kujazwa barua, picha, fulana, kanda za sauti na vitabu vya wanawake hao. Mtu wa Nairobi angeiita makavazi. Tanga tungesema nyaraka, na msikilizaji angedhani ni jambo la Serikali. Mimi nitaiita nyumba ya kumbukumbu. Nikaomba likizo ya siku tano, nikaandika kuomba miadi.

Boston nilibadilisha basi. New York nilifika jua limeshazama, na kutoka kituoni hadi Flatbush nilipotea mara moja tu, jambo ambalo kwangu ni ushindi. Mwenyeji wangu ni mwanamke wa Bukavu tuliyesoma naye kozi ya ukalimani. Alikuwa anapika sombe.

"Karibu dada. Wee unapendaka sana safari za mbali. Unaenda kuona nini?"

Nikamwambia. Makumbusho ya wanawake waliopenda wanawake, wanatunza historia yao. Akaendelea kukoroga sufuria, mwiko ukizunguka polepole, mimi nikihesabu mizunguko.

"Na kule," akasema hatimaye, "chakula iko?"

Siku ya pili: Manhattan kwa miguu

Miadi ilikuwa kesho yake, kwa hiyo leo ilikuwa siku ya kutembea.

Nilianzia Stonewall kwa sababu kila mtu huanzia huko. Usiku wa kuamkia 28 Juni 1969 polisi waliivamia baa hii ya mashoga kama walivyozoea, ila safari hii wateja hawakutawanyika, na purukushani ikaendelea siku kadhaa. Mwaka 2016 Rais Obama alipatangaza kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Watalii walikuwa wanapiga picha zilezile kwa pembe ileile, nami nikapiga yangu. Wanawake katika hadithi hii husimuliwa mwishoni, kama watu waliokuja kufagia. Mmoja wao, Stormé DeLarverie, mwimbaji aliyevaa suti za kiume jukwaani, baadaye alikuwa mlinzi wa mlangoni kwenye baa za wanawake za mtaa huuhuu, akiwa na umri ambao kwetu mtu hukaa kibarazani akiletewa maji. Alifariki 2014, na miaka 93.

Kisha treni hadi Barabara ya 96, na miguu kurudi hadi ya 92 upande wa magharibi. Hapa hapana watalii. Ni majengo marefu ya makazi, mama na kigari cha mtoto, mzee na mbwa wake. Katika nyumba moja ya ghorofani hapa, mwaka 1974, ndimo kumbukumbu zilimoanzia. Joan Nestle, mwalimu aliyezaliwa Bronx na kulelewa na mama mjane, alikuwa akiishi humo na Deborah Edel. Wao na wenzao wachache walikuwa wametoka kwenye mikutano ya wasomi mashoga wakiwa na hofu moja: kwamba historia yao inapotea kwa kasi ileile inayotengenezwa. Mwanamke akifa, ndugu wanakuja na mifuko ya taka.

Walianza na kistoo cha jikoni, pale panapokaa unga na mchele. Mchele ukahama. Kisha makaratasi yakatoka stoo yakaingia ukumbini, yakapanda ukutani, na kwa karibu miaka ishirini yule mama mwenye nyumba aliishi ndani ya maktaba, wageni wakija kutoka miji ya mbali kusoma mezani pake huku yeye anapika. Hawakungoja kuletewa. Walibeba picha za kuonyeshwa ukutani kwa mashine wakazunguka nazo kwenye makanisa, masinagogi, baa na sebule za watu, wakisema: barua zako usizitupe, hata kama unadhani maisha yako ni ya kawaida. Hasa kama unadhani ni ya kawaida.

Nilisimama ng'ambo ya barabara kama dakika kumi. Sikuona kibao. Mzee mwenye mbwa aliniuliza kama nimepotea, nikasema hapana.

Siku ya tatu: nyumbani

Treni ya F ilinishusha 15th Street–Prospect Park. Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, ambako mitaa ina namba. Kwetu mtu akiuliza unakaa wapi unamjibu barabara ya ngapi na anajua hadi duka lenu la mkaa. Basi nilipoona kibao cha barabara ya kumi na nne, ugeni ukanipungua.

Nyumba yenyewe inafuatana na jirani zake bega kwa bega: mawe ya chokaa yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, kifua cha madirisha kilichobenuka, ngazi za nje. Ilijengwa 1908. Wanawake wa kumbukumbu waliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaifungua kwa watu 1993, na kufikia 1996 walikuwa wamemaliza mkopo, kwa hela za mchango mdogomdogo zaidi kuliko za matajiri. Novemba 2022 tume ya jiji inayolinda majengo ya historia iliiweka kwenye orodha yake. Nilikuwa nimetarajia kibanda cha usalama na mashine ya kukagua begi. Nilibonyeza kengele, akafungua bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, sweta lina nywele za paka. Nusura nimwamkie shikamoo.

Hakuniuliza nasoma chuo gani. Baadaye nilielewa kwamba hilo ni sharti la nyumba: mtu haombwi cheti wala barua ya profesa ili aguse historia yake. Masharti mengine ni ya ukoo huohuo. Kumbukumbu zikae mtaani, si ndani ya chuo kikuu. Zisiuzwe kamwe. Ufundi wa kuzitunza ufundishwe na wakubwa kwa wadogo. Wanaohudumu wote wanajitolea, hakuna mkurugenzi, na uamuzi hufanywa kwa kukubaliana, jambo ambalo bibi yule alilieleza kwa uso wa mtu aliyekaa vikao virefu maishani mwake. Mtu mmoja anaishi juu kabisa kama mtunzaji, ili nyumba isilale bila pumzi ya mtu.

Chini ni ukumbi wa vitabu. Vimepangwa kwa alfabeti ya jina la kwanza. Mshairi Audre Lorde yuko kwenye A. Bibi alinieleza sababu yake kwa fahari: jina la ukoo ni la baba au la mume, la kwanza ndilo la mwanamke mwenyewe. Alitegemea nishangae. Nikamwambia kwetu pwani hata daftari la duka linaandikwa hivyo, Fatuma ni Fatuma, ukitaka kumtofautisha na mwingine unasema Fatuma wa barabara ya saba. Malkia wetu wa taarabu, Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay 1928 kurekodi santuri, angetafutwa kwenye S na angepatikana. Bibi akacheka, akaandika jina la Siti kwenye kikaratasi. Sijui atakipeleka wapi.

Tulipofika kwenye jina la nyumba ndipo mimi nilipokwama. *Herstory* ni mchezo wa maneno: wanawake hao walisikia "yake mwanamume" (his) ndani ya neno history la Kiingereza, wakalitoa wakatia "yake mwanamke" (her). Kulipeleka kwa Kiswahili haiwezekani, si kwa sababu ni gumu bali kwa sababu kwetu hakuna cha kutoa. Yeye ni yeye. Mpenzi wake ni mpenzi wake. Mwanamke wa Tanga anaweza kukusimulia miaka thelathini ya mapenzi, alikuja, akanipa, akaniacha, nikamlilia, na usijue hata kidogo kama anamsema Hamisi au Mwajuma. Nilimweleza hivyo, akaweka miwani mezani.

"Basi ninyi mnajificha bure kabisa," akasema.

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu jana. Ni kweli, na ndio ubaya wake pia: lugha inayokuficha bure inakufuta bure.

Alinipandisha ghorofa ya juu kwenye masanduku. Nitaje machache tu. Kuna fulana, rundo kwa rundo, zenye maandishi ya maandamano, ya timu za mpira, ya baa zilizofungwa zamani. Mtu aliyezaliwa ndani ya kanga hahitaji kuelezwa kitu hicho. Sisi tuna jina la kanga, lile neno kwenye pindo linalosema usichoweza kusema kwa mdomo, unalivaa ukapita mbele ya mlango wa anayehusika. Hawa wamelivaa kifuani. Tofauti ni kwamba wao wamezikunja wakazihifadhi, na sisi kanga ikichakaa inakuwa nepi, halafu tambara la jikoni.

Nilielezwa habari ya karani mmoja wa Los Angeles ambaye mwaka 1947, kazini, bosi akiwa hana la kumpa, alipiga taipu gazeti la wanawake wenzake kwa kutumia karatasi za kaboni, nakala kumi hivi kila toleo, akazigawa kwa mkono na kuwaomba wasomaji wapokezane badala ya kuzitupa. Matoleo tisa, kisha akapata kazi nyingine isiyokuwa na nafasi. Alijiita Lisa Ben. Panga upya herufi za jina hilo kwa Kiingereza utaona alichokuwa anasema.

Na kuna vitabu vya Mabel Hampton. Hapa nilikaa.

Ni riwaya za bei rahisi za miaka ya 1950 na 1960, zile zilizouzwa kwenye vituo vya mabasi, jaladani wanawake wawili wamekaa karibu kupita kiasi na mmoja anatazama kando kwa hatia. Hadithi nyingi ziliishia vibaya, mmoja afe, apate wazimu, au arudi kwa mwanamume, kwa kuwa wachapishaji waliogopa wakaguzi wa posta. Mabel, mfanyakazi wa nyumbani Mwafrika wa Marekani, alizinunua moja moja kwa mshahara wa kufagia nyumba za watu, akazitunza, na mwaka 1976 akazitoa kwa kumbukumbu. Joan Nestle huziita maandishi ya kujiokolea. Mimi nilikuwa nimekuja na dharau kidogo ya mtu aliyesomeshwa fasihi, na ilinibidi niirudishe begini. Mwanamke akiingia dukani na kuweka kitabu kama hicho juu ya kaunta, mbele ya muuzaji, mwaka 1955, anakuwa ameshasema kitu.

Karatasi za ndani zimekuwa na rangi ya chai. Zinanukia sanduku.

Harufu hiyo ndiyo iliyoniletea shangazi. Shangazi yangu aliachika mapema, hakuolewa tena, na kwa miaka ishirini na mbili alikaa chumba kimoja na shoga yake, nyumba ya uani, Ngamiani. Walikuwa wanauza maandazi asubuhi na kushona jioni. Shoga yake shangazi: ndivyo tulivyomwita sote, kama cheo. Walikuwa na sanduku la bati lenye picha ya mnara, na sisi watoto tulikatazwa kulifungua. Shangazi alipofariki, siku ya tatu baada ya mazishi ndugu walikuja kusafisha chumba. Nakumbuka moto uani, godoro, makaratasi, na wanaume wawili wakibishana kuhusu cherehani. Shoga yake alikuwa amekaa jikoni na wanawake wa kuosha vyombo. Hakupewa mkeka wa wafiwa.

Walikuwa nini, sijui, wala sijasema. Ninachojua ni moto.

Siku ya nne: kisiwani

Feri ya kwenda Staten Island ni bure, dakika ishirini na tano, na ni mahali pekee New York ambapo nimeona watu wakikaa tu. Upepo ulinikumbusha pantoni ya Pangani, ukiondoa harufu ya samaki na mbuzi wa mtu. Kutoka gatini nilipanda basi hadi kwa Alice Austen, mpiga picha wa zamani ambaye nyumba yake sasa ni makumbusho.

Alice alizaliwa 1866. Mjomba wake, nahodha wa meli, alileta kamera nyumbani na mtoto akaing'ang'ania. Kabati la ghorofani likawa chumba cha giza cha kusafishia picha, na sahani za kioo zenye picha akizisuuza nje kwenye pampu ya maji hata theluji ikiwepo. Ameacha maelfu ya picha, na alikuwa na tabia ya karani wa bandari: ameandika tarehe na saa. Picha moja ya 1891 ina wasichana watatu, yeye mmojawapo, wamevaa suti za kiume na masharubu ya bandia. Saa kumi na dakika arobaini jioni, 15 Oktoba. Unaweza kuona wanavyojizuia kucheka.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 alikutana na Gertrude Tate, mwalimu wa watoto wadogo na wa dansi kutoka Brooklyn. Ndugu wa Gertrude hawakupenda, lakini 1917 alihamia hapa, kwenye nyumba hii ndogo yenye paa la kuinama na bustani inayoteremka hadi kwenye mlango wa bahari. Nilikaa ukumbini nikitazama maji waliyoyatazama wao, ukiondoa daraja la Verrazzano ambalo hawakuliona kwa kuwa lilifunguliwa 1964. Anguko la masoko la 1929 lilikula fedha za Alice. Waliuza vitu, wakafungua chumba cha chai, wakauza vitu tena. 1945 walitolewa nyumbani. 1950 Alice, mgonjwa wa viungo, aliingizwa kwenye nyumba ya maskini. Kisha mwandishi mmoja aliyekuwa anatafuta picha za wanawake wa zamani akakuta sahani zake za kioo katika chama cha historia cha kisiwa, picha zikachapishwa magazetini, fedha zikapatikana za kumtoa. Alikufa Juni 1952, amekaa nje kwenye kiti chake juani.

Walitaka kuzikwa pamoja. Ndugu wakakataa. Alice yuko Staten Island kwenye eneo la ukoo wake, Gertrude yuko Brooklyn.

Kwa miaka mingi makumbusho hii yenyewe ilimwita Gertrude rafiki na kupita haraka. Mwaka 1994 wanawake wa Lesbian Avengers, kundi la wanaharakati, walikuja kuandamana hapahapa bustanini. Tangu 2017 nyumba imeandikwa rasmi katika orodha ya taifa kuwa sehemu ya historia hii, na sasa ukutani Gertrude anatajwa kwa jina na kwa nafasi yake. Kijana wa mapokezi alinieleza yote hayo bila kupunguza sauti. Nilinunua kadi ya posta ya wale watatu wenye masharubu. Feri ya kurudi ilichelewa, nikala karanga.

Siku ya tano: barabara ya kumi na nne tena, kisha basi

Nilirudi asubuhi kwa saa tatu tu, kumsikiliza Mabel. Joan Nestle alimrekodi kwa miaka kadhaa kwenye kanda za kawaida, na wanafunzi wa chuo cha Pratt wamesaidia kuzigeuza kanda nyingi za nyumba hii kuwa za dijiti. Walifahamiana zamani: Mabel alikuwa amefanya usafi kwa mama yake Joan. Sikiliza hilo tena. Mtoto wa mwajiri ndiye anayeshika maikrofoni, na mfanyakazi ndiye anayesema, na yule mtoto ananyamaza.

Mabel alizaliwa 1902 Winston-Salem, akafiwa na mama angali kichanga, na akiwa na miaka minane alikimbia nyumba ya ndugu huko New York kwa sababu ya aliyotendewa humo. Akacheza jukwaani Coney Island na Harlem. Akafungwa kwa kesi ya kubambikiwa. Na mwaka 1932, akisubiri basi, akamwona mwanamke mfupi kuliko yeye, amevalia kama wa ikulu: Lillian Foster. Walikaa pamoja hadi Lillian alipofariki 1978.

Mazoea ya kazi ni mabaya. Nilipovaa tu vipokea sauti, mdomo wangu ukaanza kufasiri kwa kunong'ona. Mambo ya basi yalipita vizuri. Mambo ya kufua na kupika yalipita vizuri sana. Kisha nikafika kwenye hotuba yake ya 1984, kwenye maandamano ya New York, anapojitaja jina, anasema amekuwa hivyo maisha yake yote, miaka themanini na miwili, na anajivunia nafsi yake na watu wake. Kisha anataka watu wake wote wawe huru, hapa na dunia nzima, mashoga wake na Weusi wake.

"Mimi, Mabel Hampton, nimekuwa..." Nikakwama palepale pa kisanduku cha pili.

Nikajaribu msagaji. Na katika kinywa cha bibi huyu, nafsi ya kwanza, halikusikika kama jiwe. Lilisikika kama kazi. Kusaga ni kazi ya mikono miwili, ndivyo bibi zetu walivyotulisha. Audre Lorde alilichukua neno zami kutoka Carriacou, kisiwa cha mama yake, lenye maana ya wanawake wanaofanya kazi pamoja wakiwa marafiki na wapenzi, akaliweka kwenye jina la kitabu chake mwaka 1982. Lakini Audre alilichukua kwa ajili yake mwenyewe. Mimi siwezi kulichukua kwa niaba ya mama wa Uvira aliyekaa mbele ya daktari na binti yake pembeni. Mabel akiliita lake ni lake; mimi nikimwandikia mgonjwa, ni jiwe tena. Nikamwandikia yule wa fomu nikiwa palepale mezani: maneno manne yatabaki, wapanue kisanduku.

Begini nilikuwa nimebeba kanga moja ya shangazi, pea yake imepotea. Nilikuja nayo nikidhani nitaiacha hapa. Bibi mwenye sweta aliniuliza nikamwonyesha, akaifungua taratibu, akaomba nimsomee jina lake. Nikamsomea na kumfasiria. Akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani, akanirudishia bila kuniomba. Nami sikumpa. Shangazi hakuwahi kujiita kitu. Siwezi kumpandisha ngazi hizi nikamweka kwenye sanduku lenye jina ambalo hakulichagua, hata kama ni sanduku zuri kuliko yote niliyoyaona, hata kama huko kwetu hakuna hata hilo baya. Labda nakosea. Nilishuka ngazi nikiwa na uhakika, na kwenye treni uhakika ukapungua.

Basi la kurudi liliondoka kwa wakati, ajabu. Kupita Connecticut, giza tupu dirishani, nikahesabu saa: Tanga ni alfajiri, mama ameshaswali. Nikampigia. Tukasalimiana, mvua, bei ya nazi, goti lake. Kisha nikauliza, shikamoo ikiwa bado haijapoa, yule shoga yake shangazi aliitwa nani.

Mama akanyamaza kwa muda. Nilisikia jogoo.

"Mbona 'aliitwa'? Yupo. Yuko Pangani kwa mjukuu wake. Kila mfungo ananitumia tende."

Akanitajia jina. Sheria ya Zanzibar ya 2004 iliwataja wanawake waziwazi, hadi miaka mitano jela, na bara nako watu hawahitaji sheria ili wamchome mtu kwa ulimi. Jina la bibi wa watu siliandiki hapa. Nimeliandika nyuma ya tiketi, kwa penseli ya barabara ya kumi na nne ambayo nilisahau kuirudisha. Jina la kwanza tu. Mama alikuwa bado yuko kwenye simu.

"Unamtakia nini?"

"Nataka kujua kama lile sanduku la bati analo yeye."

"Utamuuliza mwenyewe," akasema mama. "Anza na shikamoo, na usimpigie mchana, analala."